Nani Atashika Daftari?

Somo la kutafakari: Waroma 16:1-16



Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kigoma, mwisho wa reli. Jumapili moja nikapanda boti kwenda kigango fulani cha wavuvi, kusini mwa mji, kando ya ziwa. Pale ndipo nilipopata mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Padre anafika mara moja kwa mwezi, ziwa likikubali. Jumapili nyingine zote anayesimama mbele ya waamini ni katekista.

Siku hiyo ilikuwa sherehe ya somo wa kigango. Risala ikasomwa, kwaya ikaimba, vyeti vya shukrani vikatolewa. Aliyetoa mabati alipata cheti. Aliyeleta spika alipata. Mshereheshaji naye alipata. Mimi frateri nilipewa kiti cha mbele na soda baridi, na watu wakanipigia makofi kwa sababu tu nimevaa kanzu nyeupe.

Nilipogeuka nikamwona katekista. Alikuwa nje, karibu na sufuria za wali, anawapanga watoto mstari wasisukumane. Huyu ndiye aliyenishika mkono wa kulia nikiwa mdogo, akanifundisha kufanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyelitaja jina lake siku nzima. Nami nilipopewa kipaza sauti nikawashukuru wafadhili, nikawashukuru vijana, nikakaa. Sikumtaja.

Jioni dhamiri ilinisumbua, nikaenda kwake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu, Frateri. Umekula?"

Nikaanza kujieleza, yaani namna gani tulimsahau. Akacheka tu. Akaingia ndani akatoka na daftari kubwa la kaunta, jalada limeshonwa kwa uzi wa nyavu. Ndani yake kuna majina ya wakatekumeni wa miaka na miaka, nani alihudhuria, nani aliacha, nani alirudi. Nikaliona jina langu, na alama za siku nilizotoroka kwenda kuogelea.

Akaniambia, "Mwanangu, cheti nitakitundika wapi? Macho yangu yanakwisha. Usiku sioni mistari. Nimewauliza vijana wetu mmoja mmoja: nani atashika daftari? Kila mmoja ana shughuli."

Sikuwa na jibu. Na ninakuandikia leo kwa sababu swali lile bado liko mezani, na huenda si kwenye kigango kile peke yake.

Tufungue Waroma 16. Watu wengi huiruka sura hii kwa sababu inaonekana ni orodha ya majina tu. Paulo amemaliza mambo mazito ya imani, neema na wokovu, halafu anaanza kusalimia watu. Anaanza na Foibe, mhudumu wa Kanisa la Kenkrea. Kenkrea ulikuwa mji wa bandari karibu na Korintho. Mtu wa bandari kama sisi! Anawataja Priska na Akula, mke na mume waliokuwa tayari kufa kwa ajili yake. Anamtaja Persi, mama aliyefanya kazi nyingi kwa ajili ya Bwana. Anamkumbuka mama yake Rufo, anasema kwake yeye pia amekuwa mama.

Angalia anavyofanya. Hasemi "nawashukuru wote kwa ujumla wenu", kama tunavyofanya kwenye risala zetu ili tusimsahau mtu, na matokeo yake tunawasahau wote. Anataja jina, na mara nyingi anasema na kazi aliyoifanya mwenye jina. Tena kuhusu Foibe hakuishia kumsifu. Aliwaagiza Waroma wampokee na kumsaidia kwa lolote atakalohitaji.

Nikiwa nasoma falsafa nilikutana na wazo la Aristotle lililonikaa kichwani. Anasema heshima iko zaidi mikononi mwa anayeitoa kuliko anayeipokea. Wakati ule niliichukulia kama hoja ya mtihani. Pale kwa katekista ndipo nilipoielewa. Kumsahau hakukumpunguza yeye kitu. Aliendelea kuwapanga watoto mstari. Tuliopungua ni sisi tuliokuwa tumekaa kwenye viti.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye anaeleza kwamba shukrani ina ngazi tatu. Kwanza, kuutambua wema uliotendewa. Pili, kuusema na kushukuru. Tatu, kuulipa, mahali na wakati unaofaa, kadiri ya uwezo wako. Sasa jiulize: sisi vijana huwa tunafika ngazi ya ngapi? Kwa wengi wetu ni ya pili. Tunapiga picha, tunaweka kwenye kundi la WhatsApp, tunaandika "Mungu akubariki sana", tunamaliza. Ngazi ya tatu tunamwachia Mungu ailipe peke yake.

Hapa nataka nikukumbushe mtu wa ziwa letu hili. Anaitwa Adrien Atiman. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa na kuuzwa utumwani, mpaka Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, wakamkomboa huko Algeria. Wakamsomesha, akaenda Malta kujifunza tiba. Wamisionari hao walikuwa wamefika Ujiji mwaka 1879, na mwaka 1885 wakapokea kituo cha Karema, kusini mwetu, pwani hii hii ya Tanganyika. Atiman alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu. Alikaa pale akitibu na kufundisha mpaka alipofariki mwaka 1956. Piga hesabu: ni miaka 67.

Kijana huyu aliwahi kuuzwa kama mbuzi. Angekuwa na kila sababu ya kusema, "Nimeteseka vya kutosha, sasa niache nijitafutie." Lakini uhuru aliopewa aliutumia kwa watu wasiokuwa ndugu zake, katika nchi isiyokuwa yake. Alioa, na mtoto wake Joseph akawa padre. Leo Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake. Hilo ni jambo jema. Lakini jina ukutani lingekuwa rangi tu kama ndani ya jengo lile hakuna anayetibu wagonjwa. Atiman anaheshimiwa kila siku pale muuguzi anapoamka usiku kumwangalia mgonjwa. Hiyo ndiyo ngazi ya tatu.

Kanisa zima limeliona jambo hili. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliianzisha rasmi huduma ya katekista, kuonyesha kwamba ni wito wa kweli wa mlei, si kazi ya kuziba pengo padre akikosekana. Sasa kama Papa amewatambua kutoka Roma, sisi tunaokula nao dagaa sahani moja tunashindwaje?

Najua utaniambia, "Frateri, maisha magumu. Mimi nahangaika na boda, na duka, na ada ya chuo. Muda wa kujitolea nautoa wapi?" Ni swali la haki, silidharau. Lakini katekista yule naye ni mvuvi. Usiku wa giza anaingia ziwani na taa kutafuta dagaa kama wenzake. Mafundisho makubwa anayapanga siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika. Hakungoja apate muda. Aliutafuta ulipo, akampa Mungu. Na tusiifanye sadaka yake kuwa kisingizio cha kumwacha peke yake. Mtu anayejitolea anachoka, anaumwa, na paa lake linavuja kama la mtu mwingine.

Basi tufanye mambo matatu kabla ya Jumapili ijayo.

Kwanza, andika majina matano ya watu wanaojitolea parokiani au kigangoni kwenu: mama anayefua vitambaa vya altare, mzee anayegonga kengele, mwenyekiti wa jumuiya anayezunguka kwa miguu, mwalimu wa kwaya, katekista. Kama huyajui majina yao, hapo ndipo pa kuanzia.

Pili, nenda kwa mmoja wao, nyumbani, si kwa simu. Mwambie jambo moja mahususi alilokufanyia. Usisubiri msibani, ambako sote tunakuwa wasemaji wazuri.

Tatu, muulize: "Kazi gani nikupokee?" Akikutajia, ichukue, hata kama ni ndogo, hata kama ni saa moja tu kwa wiki.

Mimi mwenyewe nilikaa siku zangu zote zilizobaki nikinakili majina ya daftari lile kwenye daftari jipya, kwa maandishi makubwa, ili mzee aone. Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuja kuchungulia tunafanya nini. Siku ya pili akaja na kalamu yake. Siku naondoka, yeye ndiye aliyekuwa akiita majina, na mzee amekaa pembeni anasikiliza, akisahihisha pale anapokosea. Sijui kama ataendelea. Namwombea aendelee.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliwaosha mitume miguu bila kungoja makofi. Wabariki wote wanaolitumikia Kanisa lako kimya kimya kwenye pwani za ziwa hili. Wape afya, riziki na furaha. Utusamehe tuliowasahau. Na utakapouliza nani atashika daftari, mmoja wetu asimame. Amina.

Wako katika Kristo,
Frateri