Chakula cha Gilgali

Somo: 2 Wafalme 4:38–41

Njaa ilikuwa imeishika nchi Elisha alipofika Gilgali na kuagiza sufuria kubwa itelekwe kwa ajili ya wana wa manabii. Mmoja wao akaenda kondeni kutafuta mboga. Alirudi nguo imejaa matango-mwitu, akayakatakata na kuyatia sufuriani bila kujua ni kitu gani. Maandiko hayamlaumu popote kwa nia mbaya. Alitaka wenzake washibe, na wema wake huo nusura uwaue.

Habari hii imenijia kwa sababu ya chakula kinachopendwa siku hizi katika nyumba zetu kadhaa: choroko, dengu na adesi zilizooteshwa, kisha zikasagwa mbichi pamoja na ufuta, ndimu na kitunguu saumu, watu wakachovyea mkate. Nawaelewa wanaokipenda. Loweka choroko usiku, mwaga maji, zifunike kwa kitambaa kibichi. Baada ya siku moja hivi ganda limepasuka na kimkia cheupe kinachungulia. Punje kavu isiyo na vitamini C ya kutajika imeanza kuitengeneza, na zile sukari zinazojaza tumbo gesi zinapungua. Mimi namtukuza Mungu kwa kazi hiyo inayofanyika ndani ya punje moja.

Lakini joto na unyevu ule ule unaoiamsha mbegu huwaamsha pia bakteria waliojificha kwenye nyufa za ganda. Katika siku mbili tatu za kuotesha huongezeka mno, na kuosha hakuwamalizi. Chipukizi zenyewe hazibadiliki rangi wala harufu.

Ujerumani walilijua hilo kwa machozi. Kuanzia Mei 2011 watu walianza kujaa hospitalini wakiharisha damu, wengi wao wanawake watu wazima waliokuwa na afya njema. Lawama zikaangukia kwanza matango kutoka Hispania, na wakulima wasio na hatia wakatupa mavuno yao. Uchunguzi ulipokamilika, chanzo kilikuwa chipukizi za uwatu, zilizoliwa mbichi kama watu walivyozoea. Ugonjwa ulipokoma, karibu watu 4,000 walikuwa wameugua, zaidi ya 800 wakipata ugonjwa unaoharibu figo, na zaidi ya 50 wamekufa. Kila ninapoisoma habari hiyo nawafikiria walioandaa zile sahani. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Maharage mekundu yana shauri lake tena. Hayo hayahitaji bakteria ili yadhuru, kwa kuwa yana sumu yao ya asili iitwayo lektini. Punje nne au tano mbichi zaweza kumtapisha mtu vibaya ndani ya saa chache, na kuyaotesha si kinga ya kutegemea. Yaloweke saa tano au zaidi, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa maji mapya yanayotokota kwelikweli, si chini ya dakika kumi, ndipo uendelee kuyapika hadi yaive. Kuyaacha kwenye moto hafifu usiochemsha hakutoshi. Nawasihi akina mama na vijana wetu wa jikoni: maharage mabichi yasisagwe kuwa chakula cha kuchovyea, yawe yamechipua au hayajachipua.

Mtu mzima mwenye afya, akiijua hatari na kuamua kula choroko mbichi nyumbani kwake, simhukumu. Bakuli linalowekwa mezani pa wote ni jambo lingine. Pale anachovya mtoto ambaye hajaulizwa, na mama mjamzito, na mzee ambaye mwili wake hauna tena nguvu ya kupigana. Ukarimu wa Kikristo unawatazama hao kwanza.

Elisha alitia unga sufuriani, chakula kikapona. Ule ulikuwa muujiza. Sisi tumepewa moto. Pika chipukizi zako mpaka zitoe mvuke hadi katikati, ndipo uzisage na ufuta na ndimu yako. Vitamini kidogo itapotea, na mimi naona ni bei ndogo. Na Jumapili, wote mnaoleta mabakuli baada ya ibada, mwambieni anayegawa kilichomo ndani na kama kimepikwa, ili wagonjwa wetu na wajawazito wajue kabla hawajamega mkate.