Hewa Isiyobisha Hodi

Mwanadamu amejaliwa milango mitano ya fahamu, na kwa milango hiyo huipokea dunia. Jicho humwonyesha nyoka njiani, pua humwambia kwamba nyama imeoza, ulimi huukataa uchungu kabla koo halijaumeza. Tumezoea kuitegemea milango hii hata tumeifanya mahakama ya mwisho: jambo lisilopita katika mmojawapo twalishuku, na mtu atuleteaye habari zake twamwona ama mwoga ama mwongo. Walakini iko hewa moja ambayo haibishi hodi katika mlango wo wote. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Haiwashi macho wala haikerezi koo. Jina lake katika vitabu vya sayansi ni kaboni monoksaidi. Huzaliwa palipo na moto usiopata hewa ya kutosha, na katika nyumba zetu huzaliwa hasa katika jiko la makaa lililoingizwa chumbani usiku, mlango na dirisha vikafungwa.

Swali ambalo hewa hiyo ilinifundisha kuliuliza ni hili: mtu ana wajibu gani mbele ya onyo ambalo fahamu zake haziwezi kulithibitisha? Na kama onyo limemfikia yeye, hali hatari i kwa mwingine, je, wajibu huo hupungua au huzidi?

Yafaa kwanza tujue adui alivyo. Damu yetu huchukua oksijeni kwa kitu kiitwacho himoglobini, kama gari lichukuavyo abiria. Kaboni monoksaidi huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Basi abiria huyo asiyetakiwa akisha kukaa haondoki upesi, na mwenye haki ya kusafiri huachwa kituoni. Mtu akitolewa nje akavuta hewa safi, huhitaji saa nne au tano ili nusu tu ya sumu hiyo imtoke damuni. Akipewa oksijeni tupu hospitalini, muda huo hupungua ukawa kama saa moja au moja na nusu.

Lakini ubaya wake mkubwa, kwa mtu afikiriye mambo ya wajibu, si huo. Ubaya wake ni kwamba kiungo kimoja kinachodhurika mapema ni ubongo. Kichwa huuma kidogo, miguu hulegea, moyo huchafuka, kisha mawazo huchanganyika na usingizi huja mtamu. Maana yake, hakimu hutiwa sumu kabla kesi haijasikizwa. Mtu asemaye, "Nitangoja mpaka niwe na hakika," anaahidi kitu ambacho huenda asiwe nacho tena saa ile atakapokihitaji.

Moshi wa kuni ni mkali, ila ni mkweli: huwatoa watu machozi na kuwafukuza jikoni. Makaa yaliyokwisha kuwa mekundu hayana moshi, nasi twayadhania yametakasika. Hata lile jiko la bati lenye udongo ndani, lililobuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambalo limewapunguzia watu wengi gharama ya makaa, halikuiondoa sumu hii. Makaa hubaki makaa.

Wachimbaji wa migodi ya Uingereza walipambana na shida hii zamani. Mwanasayansi John Scott Haldane, ambaye mwaka 1895 alitangaza majaribio aliyoyafanya juu ya mwili wake mwenyewe kwa kuivuta hewa hiyo, alishauri watu wateremke migodini pamoja na wanyama wadogo, kwa kuwa mwili mdogo hulemewa mapema kuliko mkubwa. Ndivyo ndege aitwaye kanari alivyopata kazi chini ya ardhi. Kanari alipopepesuka katika kizimba chake, mchimbaji alikuwa amekwisha kuambiwa. Hakuwa na haja ya pua yake mwenyewe kutoa ushahidi. Mwaka 1986 ndipo serikali ya Uingereza ilipotangaza kwamba ndege hao watavipisha vyombo vya kupimia. Nimewaza mara nyingi juu ya mchimbaji huyo. Alikuwa mtu mwenye nguvu na ujuzi, naye alikubali kuongozwa na kiumbe asiyezidi kiganja cha mkono. Huo nauita unyenyekevu wa akili, na nitaeleza jinsi nilivyopungukiwa nao.

Mwaka 2021 nilikuwa nimepanga chumba hapa Lugulu, kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale. Wageni hudhani Kenya yote ni joto. Asiyeamini na aje kulala Lugulu mwezi wa Julai, mvua ya alasiri ikiisha kunyesha na upepo ukishuka kutoka upande wa Mlima Elgon. Vyumba vyetu vilikuwa sita katika safu moja, namna ya nyumba tuiitayo ploti: bati moja juu, bomba moja uani, choo kimoja nyuma, na kuta za kugawanya vyumba ambazo zilikoma penye boriti, hata mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu humwambia pole. Binamu yangu, ambaye ni muuguzi Uingereza, alikuwa ameniletea kengele ndogo ya kuitambua hewa hiyo. Huko, tangu tarehe 1 Oktoba 2015, sheria humlazimu mwenye nyumba ya kupangisha kuiweka katika chumba chenye kifaa cha kuchomea kuni au makaa. Nilimshukuru, nikaitundika ukutani kwa heshima yake zaidi kuliko kwa hofu.

Usiku mmoja, yapata saa saba na nusu, kengele ililia: milio minne ya haraka, kimya, kisha milio minne tena. Mimi sikuwa na moto. Jiko langu la gesi lilikuwa limezimwa tangu jioni. Fikira yangu ya kwanza ilikuwa betri. (Kijitabu chake, nilichokisoma baadaye, chasema wazi kwamba betri ikichoka hulia mlio mmoja mfupi baada ya muda, wala si minne.) Fikira yangu ya pili ilikuwa kunusa. Tazameni upumbavu wa mwalimu, aliyekwisha kuwafundisha watoto wa watu kwamba hewa hii haina harufu, amesimama juu ya kitanda chake anaitafuta kwa pua!

Hatimaye nilifungua dirisha na mlango, nikatoka uani nimejifunika blanketi. Baada ya dakika chache kengele ilinyamaza, nami nikashukuru. Hapo ndipo lilipo kosa langu. Nilikuwa nimeiponya sauti, ugonjwa nikauacha. Kwa maana kengele ya namna hii haikurupuki: hewa ikiwa na sehemu 50 za sumu katika sehemu milioni, hungoja dakika 60 au zaidi kabla ya kulia, zikiwa 300, haizidishi dakika 3. Ilikuwa imepima kwa muda wote niliokuwa nimelala, na ilikuwa imeona kitu. Kama kitu hicho hakikutoka kwangu, kilitoka wapi? Sumu haichipuki katika saruji. Ilipita juu ya ukuta.

Nami nilijua ukuta upi. Chumba cha pili alikaa mama kijana na watoto wake wawili. Jioni nilikuwa nimemwona akichemsha maharagwe mbele ya mlango wake, mvua ikamkimbiza ndani yeye na sufuria na jiko lake.

Nilijua, nikasimama. Nalijiuliza: mwanamume mpangaji abishe mlango wa mama aliye peke yake saa nane kasorobo za usiku, na hoja yake iwe kidude cha plastiki kilicholia kisha kikanyamaza? Majirani watasema nini? Naye mwenyewe ataona nimemlaumu kwa umaskini wake, kana kwamba mwenye gesi amekuja kumfundisha mwenye makaa. Na ikiwa yu mzima, nitamtazamaje asubuhi penye bomba? Hoja zote hizi zilikuwa za kiungwana. Sikuona aibu yo yote kuzifikiri, na hilo ndilo linalonitisha hata leo. Nilisimama muda gani sijui. Sikuitazama saa, na kusema kweli sikutaka kuitazama.

Aliyenitoa katika heshima yangu alikuwa mama mzee wa chumba cha sita, ambaye sote tulimwita Kukhu, yaani bibi. Alitoka na tochi kwenda chooni.

"Mwalimu, mbona wasimama katika baridi?"

"Kukhu, kengele yangu ililia. Naogopa jiko la jirani liko ndani, nao wamefunga."

Hakuniuliza kengele ni kitu gani wala hufanya kazi vipi. Aliniuliza, "Umesimama hapa tangu lini?" Wala hakungoja nijibu. Alinipita, akaupiga mlango ule kwa ngumi, akimwita mama yule kwa jina la mtoto wake wa kwanza, akapiga tena na tena mpaka safu nzima ikaamka.

Mlango ulikawia kufunguliwa. Mama yule alitokea ameegemea mwimo, maneno yake yakikokota kama ya mlevi, naye si mtu wa pombe. Tuliwatoa watoto. Mkubwa alitapika uani. Mdogo alikuwa mzito kuamka, na dakika ile alipokuwa hajafumbua macho ndiyo ndefu kuliko zote nilizopata kuishi. Jiko lilikuwa kati ya kitanda na mlango, majivu juu, wekundu chini. Wenye pikipiki waliwachukua hospitalini, wakapewa oksijeni, na kesho yake jioni walirudi nyumbani wote watatu.

Jambo moja la hospitalini nalikumbuka. Kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni kilionyesha kwamba hali yao ni njema. Kifaa cha kawaida cha namna hiyo hakiwezi kupambanua damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi. Zote mbili hukionekania nyekundu. Tabibu hakukisadiki kifaa chake. Alisadiki habari tulizomletea, za jiko na mlango uliofungwa. Kwa hiyo sisemi kwamba mtu akitii chombo kila mara atakuwa salama. Usiku ule kengele ilikuwa na haki na kifaa cha kidole hakikuwa nayo, na aliyetambua tofauti yao alikuwa mtu aliyejua kila chombo kinaona nini na hakioni nini.

Najua mtanijibu kwa hadithi ya mchungaji aliyezoea kulia "Chui! Chui!" kwa mzaha, hata siku chui alipokuja watu hawakutoka. Twaifundisha hadithi hiyo ili watoto wasiseme uongo, na ni vema. Lakini mara chache twawauliza wanakijiji walipata faida gani kwa kukaa nyumbani siku ya mwisho. Kengele mbovu ipo, na dawa yake ni kuichunguza mchana: betri, tarehe ya kuisha kwake iliyoandikwa nyuma, mahali ilipotundikwa. Usiku ikilia, kazi ni kutoka nje na kuwatoa wengine. Kukhu hakuwa na uthibitisho zaidi yangu. Alikuwa na mchache zaidi. Ila alipima makosa mawili yaliyokuwa mbele yetu. Kumwamsha mtu bure ni kosa, na kosa hilo huombewa radhi kunapokucha. Kosa la pili halina wa kuombwa radhi. Mimi nilikuwa nikipima kitu kingine kabisa, yaani sura yangu machoni pa watu, na nikakiita heshima kwa jirani.

Mwenye nyumba alipofika alisema kwamba alikuwa amekataza majiko ndani ya vyumba. Ni kweli alikuwa amekataza. Lakini ploti yake haikuwa na baraza wala kibanda cha kupikia, na mvua ya Julai haisomi makatazo. Ibara ya 43 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya makao ya kutosha. Sidhani makao ambamo mama hulazimika kuchagua kati ya watoto kulala na njaa na moto kulala pamoja nao yaweza kuitwa hivyo. Nilimwambia, kwa sauti kubwa kuliko ilivyonipasa, maana hasira niliyokuwa nayo juu ya nafsi yangu ilipata mtu wa kumwangukia. Baada ya muda alijenga kibanda cha bati uani. Matundu ya hewa juu ya milango tuliyatoboa wenyewe.

Siku ya tatu mama yule alikuja na watoto wake kunishukuru. Nilimwambia asinishukuru mimi, aende chumba cha sita. Alisema amekwisha kwenda. Kisha aliitazama kengele ukutani, akatabasamu kidogo kwa haya.

"Mwalimu, kitu hiki nilikisikia usiku ule," alisema. "Kililia sana. Nilidhani ni simu yako, huenda ndugu zako wa mbali wakupigia. Kichwa kilikuwa kikiniuma, nikataka kugonga ukuta uizime. Tena nikaona vibaya kukusumbua usiku."