Je, Kisichokuwepo Ni Kitu?

Katika teolojia ya Kiislamu, wanazuoni wa Muutazila wa Basra walishikilia kwamba kisichokuwepo nacho ni kitu, kwa kuwa hujulikana na husemwa habari zake hata kabla ya kuumbwa, ilhali Maashaari, ambao itikadi yao ndiyo iliyoenea pwani ya Waswahili, walikataa, wakisema kuwa kitu na kuwepo ni jambo moja. Fizikia ya karne ya 20 ililiamsha upya swali hilo, na wawili kati ya walioliamsha walipitia Chuo Kikuu cha Minnesota mjini Minneapolis: Walter Brattain, aliyepata huko shahada ya uzamivu mwaka 1929, na John Bardeen, aliyefundisha hapo kuanzia 1938 hadi 1941.

Atomi ina kiini chenye chaji chanya na elektroni zenye chaji hasi, ambazo hushika ngazi maalumu za nishati, na kwa kanuni ya Wolfgang Pauli ya mwaka 1925, elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali moja kabisa. Atomi zinapojipanga kwa utaratibu unaojirudia na kuwa fuwele, ngazi hizo husongamana zikawa kanda za nishati, na ukanda si mali ya atomi yoyote peke yake bali ni wa fuwele nzima. Katika shaba ukanda wa juu haujajaa, hivyo umeme hupita; katika almasi umejaa pomoni, na ukanda mtupu unaofuata uko mbali kiasi kwamba joto la kawaida haliwezi kuzivusha elektroni. Almasi basi haipitishi umeme, si kwa uhaba wa elektroni, bali kwa sababu kila hali ya ukanda ina mwenyewe.

Lakini silikoni ikitiwa chembe za boroni, ambayo ina elektroni tatu za nje badala ya nne za silikoni, hubaki tundu, yaani nafasi isiyo na elektroni katika ukanda uliojaa. Ni kama safu za swala katika misikiti ya Cedar-Riverside, jirani na Chuo Kikuu cha Minnesota: wa nyuma akisogea mbele kuziba pengo, pengo lenyewe hurudi nyuma. Tundu hilo hupimwa kuwa na chaji chanya, na wanafizikia hulihesabia hata tungamo. Desemba 1947, katika maabara za Bell huko New Jersey, Bardeen na Brattain waligandamiza juu ya jemaniamu kipande cha plastiki cha pembe tatu, kilichozungushiwa karatasi ya dhahabu iliyochanwa kwa wembe pale nchani, na matundu yaliyoingia upande mmoja yakakuza mkondo wa upande wa pili. Hiyo ndiyo transista ya kwanza. Miaka kumi baadaye, Earle Bakken wa Minneapolis aliitumia transista kuunda kifaa kidogo cha betri cha kuongoza mapigo ya moyo, kwa ajili ya watoto waliopasuliwa na Daktari C. Walton Lillehei.

Je, Muutazila wameshinda? Hapana, kwa kuwa kisichokuwepo chao kilitangulia uumbaji, ilhali tundu haliwezi kutolewa nje ya fuwele likasimama peke yake, na kila sifa yake imeazimwa kwa elektroni zilizopo. Lililo karibu zaidi na ukweli ni kuliita aradhi, yaani sifa inayohitaji kitu cha kuibeba. Lakini hapo Maashaari nao wana deni zito, kwani walifundisha kwamba aradhi haihami kutoka kitu kimoja kwenda kingine, na tundu huonekana likihama. Hawalipi deni hilo isipokuwa wakubali kwamba mbebaji wake si atomi hii wala ile bali ni fuwele yote, na kukubali hivyo ni kukiri kwamba mkusanyiko una sifa ambayo hakuna atomi hata moja iliyokuwa nayo.