Yokebedi Alianza Nyumbani: Neno kwa Wazazi

Masomo: Kutoka 2:1-10, Matendo ya Mitume 7:20-22, Waebrania 11:24-26



  Safari hii tumeona vema kusema na wazazi, pamoja na wote wanaolea watoto wasiowazaa, juu ya kufundisha watoto nyumbani. Wengi wametuuliza: Mtoto asiyekwenda shule tuanze naye wapi? Sheria ya Uganda inasema nini? Nani atatusaidia? Tuanze na Neno.

Mama yake Musa, ambaye Kutoka 6:20 humwita Yokebedi, aliishi ugenini chini ya mfalme aliyetaka watoto wake wafe. Binti Farao alipomwokota mtoto mtoni, mtoto alirudishwa kwa mama yake amnyonyeshe. Biblia haisemi ni kwa muda gani, lakini mama alijua kwamba muda huo una mwisho. Baadaye Musa alikwenda kuishi kwa Farao, na Stefano anatuambia kwamba alifundishwa elimu yote ya Wamisri. Yaani alisoma elimu ya wageni katika lugha ya wageni. Lakini alipokuwa mtu mzima alikataa kuitwa mwana wa binti Farao, akachagua kuteswa pamoja na watu wake. Je, alijuaje kwamba hao ni watu wake? Sisi tunaamini mbegu hiyo ilipandwa na mama, katika ile miaka michache ya nyumbani.

Wapendwa, Mungu alitumia vyote viwili, mafundisho ya mama na elimu ya Misri. Nasi tusiwanyime watoto wetu hata kimoja.

Kuna maneno mawili yanayosikika sana katika vijiji vyetu. La kwanza ni hili: "Mimi sikusoma, kazi ya kufundisha ni ya mwalimu." La pili: "Shule iko mbali, madarasa yamejaa, mtoto hajui Kiingereza, tena sisi tunangoja safari. Tutamfundisha hapa hapa, inatosha." Tuyajibu yote mawili.

Kwanza, mzazi ambaye hakusoma anaweza kuanza. Katika Kumbukumbu la Torati 6:6-7 Musa aliwaagiza wazazi wawafundishe watoto wakiwa wameketi nyumbani na wakitembea njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Waliosikia agizo hilo walikuwa watu wa mahema, bado hawajaingia katika nchi yao. Basi chagua saa moja kila siku, labda jioni kabla giza halijaingia. Hesabu maharagwe na mtoto, uyapange makumi makumi, uongeze na kupunguza. Andika herufi kwa mkaa juu ya ubao, au kwa kijiti mchangani. Mtoto anayejua kusoma asome Biblia ya Kiswahili kwa sauti, wewe umwulize amesikia nini. Kijana aliyefika darasa la tano awafundishe wadogo zake maneno machache ya Kiingereza kila juma. Weka daftari moja uandike tarehe na mlilofanya. Kama hujui kuandika, mtoto mkubwa akuandikie.

Wala msidhani Kiswahili chetu ni kazi bure. Mwezi wa saba mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi na kifundishwe shuleni. Tena mtoto aliyekwisha kujua kusoma katika lugha yake hujifunza kusoma lugha nyingine kwa urahisi zaidi.

Pili, nyumbani peke yake hakutoshi, na sheria iko wazi. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inasema elimu ya msingi ni ya lazima kwa mtoto kuanzia miaka 6, na ni ya miaka 7. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inasema mtoto mkimbizi atendewe sawa na mwenyeji katika elimu ya msingi. Basi mtoto wako ana haki shuleni, nawe mzazi una wajibu. Katika shule za serikali zilizo chini ya mpango wa UPE, ulioanza mwaka 1997, ada ya masomo hailipwi, lakini daftari, sare na chakula cha mchana vinabaki mikononi mwa mzazi. Tunajua ni mzigo, hasa tangu misaada ilipopunguzwa sana mwaka 2025.

Tena kuna mtihani wa PLE mwishoni mwa darasa la saba: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Mtoto huandikishwa kupitia kituo kinachotambuliwa na UNEB. Mtoto aliyefundishwa nyumbani tu, hata akiwa na akili nyingi, atafika mlango huo akute umefungwa. Wala tusiseme tunangoja safari. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wako waliozaliwa hapa ambao leo ni wazazi. Miaka ya mtoto haingoji.

Tatu, tuseme juu ya mtoto mkubwa. Huyu ndiye tunayempoteza zaidi. Amefika kutoka Kongo ana miaka 13, alisoma Kifaransa, akawekwa darasa la pili kati ya watoto wadogo. Anaona haya, anaacha shule. Wa kiume anakwenda kulima kwa watu, wa kike anaolewa kabla ya wakati. Mzazi, usinyamaze. Mwombe mwalimu mkuu ampime mtoto kwa hesabu pia, si kwa Kiingereza peke yake, na umwonyeshe karatasi za shule mlizokuja nazo. Uliza pia juu ya masomo ya haraka, yanayoitwa AEP, kwa walio na miaka 10 hadi 18. Huko miaka saba ya msingi hufupishwa kuwa ngazi tatu. Huku nyumbani umtie moyo na kumwongezea Kiingereza kila jioni.

Mkitafuta msaada, anzeni na kiongozi wa RWC wa kijiji chenu, kisha mwalimu mkuu na kamati ya shule, kisha wahudumu wa elimu wa zoni yenu, na ofisi ya OPM. Chukueni karatasi ya familia. Msingoje muhula upite nusu. Mwaka wa shule huanza kwa kawaida mwezi wa pili.

Majirani wanaweza kukusanya watoto watano au sita chini ya mti. Ni jambo jema, lakini liwe mahali pa wazi, na watu wazima wawili wawepo daima. Wala msiite shule, maana kuanzisha shule kunahitaji kibali cha serikali. Kazi yake ni kumsaidia mtoto aingie shuleni na asiachwe nyuma akiwa humo.

Tunakumbuka shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, tangu mwezi wa tatu 2020, hata zikafunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Wengi hawakurudi tena. Ugonjwa unaweza kufunga shule, na msaada unaweza kukatika. Mtoto aliyezoea kujifunza nyumbani hatasimama siku hiyo.

Basi, wazazi wapendwa, leo jioni ketini na watoto wenu, hata kwa maharagwe kumi tu. Na kesho asubuhi mwende mkabishe hodi shuleni. Mungu aliyemlinda Musa katika kisafina cha mafunjo awalinde watoto wetu, awape hekima, na asimwache hata mmoja apotee. Amina.