Nani Alimuuliza Mookie?

Januari 2020, nikiwa na miaka 21 na bila hata mia mbili kwa M-Pesa, niliwashauri Boston Red Sox wamuuze Mookie Betts. Hawakunijua. Februari wakamuuza.

Wacha nieleze. Nilikuwa nimetoka chuo mwaka wa pili, karo imekataa, nikaingia kwa ile kazi ambayo vijana wengi wa Juja wanaijua: kuandikia watu wa ng'ambo mtandaoni. Mwenye akaunti anapokea oda kwa jina lake, anatugawia, anakata chake, sisi tunabaki na shilingi 300 kwa ukurasa. Usiku huo oda ilisema: maneno 1,500, Boston imuuze nyota wake ama imwongezee mkataba, ifike kabla kuche. Maishani sikuwa nimeshika gongo la besiboli. Lakini stima ilikuwepo, bando ilikuwepo, na njaa pia ilikuwepo.

Hesabu niliishika haraka. Betts alikuwa amebakisha msimu mmoja tu kwa mkataba wake. Mwisho wa 2020 angekuwa huru kwenda anakotaka. Ukimwacha amalize, anaondoka na wewe unabaki ukipunga mkono. Ukimwongezea mkataba, atataka miaka kumi na zaidi, yaani siku moja utajikuta ukilipa mshahara wa nyota kwa mtu wa karibu miaka 40 ambaye magoti yameanza kumsengenya. Ukimuuza sasa hivi, unapata vijana wa bei nafuu, na unashuka chini ya ile mishahara ya jumla ambayo timu ikiipita inatozwa kodi. Mwaka huo kikomo kilikuwa dola milioni 208. Nikaandika: uza. Niliandika kwa ule uhakika wa mtu aliyesoma kurasa nne za intaneti. Mteja akafurahi, akatoa nyota tano.

Kumbe besiboli nayo ilikuwa imeninasa. Saa moja jioni ya Boston wakati wa kiangazi ni saa nane usiku hapa kwetu, na hiyo ndiyo saa yangu ya kazi. Nikaanza kufungua mechi kwa pembe ya skrini huku naandika mambo ya watu. Kwa hivyo nimeshuhudia ushauri wangu ukizaa matunda, mwaka baada ya mwaka.

Los Angeles Dodgers walimpokea Betts, na Julai mwaka huohuo wakampa mkataba wa miaka 12, dola milioni 365. Wakashinda ubingwa 2020. Wakashinda tena 2024. Wakashinda tena 2025. Boston walipata wachezaji watatu. Alex Verdugo alicheza misimu minne kisha naye akauzwa, tena kwa Yankees, mahasimu wao wakubwa. Jeter Downs hakutimiza hata mechi 20 akiwa Boston. Connor Wong, mdakaji, ndiye aliyedumu. Timu yenyewe ilishika mkia wa kundi lake 2020, ikashika mkia 2022, ikashika mkia 2023. Wazee walishasema usiache mbachao kwa msala upitao, na Boston wangepaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote, maana miaka mia moja kabla ya hapo walimuuza Babe Ruth kwa Yankees kwa dola 100,000, kisha wakakaa bila ubingwa kutoka 1918 hadi 2004.

Hapo ndipo wengi hufunga mjadala. Waliuza, wakajuta, kesi imeisha. Mimi hiyo hoja siiamini, na si kwa sababu najitetea. Matokeo hayakuambii kama jambo lilikuwa la haki. 2021, bila Betts, Boston walibakisha hatua moja tu kuingia fainali. Kama wangeingia na kushinda, kumuuza kungegeuka kuwa kuzuri? Na tazama Washington. 2022 walimwekea Juan Soto dola milioni 440 mezani, akakataa, wakamuuza San Diego. Katika vijana waliopata, watatu, CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood, wameshachaguliwa kwa mechi ya nyota. Biashara safi kabisa kwa karatasi, na timu imeendelea kupigwa. Soto naye Desemba 2024 alitia sahihi na New York Mets: miaka 15, dola milioni 765. Ukitafuta funzo kwa matokeo utapata lolote unalolitaka.

Kosa langu la 2020 lilikuwa kwingine. Niliangalia mbele peke yake. Nilihesabu Betts atazeeka lini, atalipwa ngapi, atapungua kiasi gani. Sikugeuka hata mara moja kuuliza ameshaleta nini, na alilipwa ngapi akileta.

Mfumo wao uko hivi. Timu ikimpata kijana, inammiliki kwa takriban misimu sita ya ligi kuu kabla hajawa huru. Miaka kama mitatu ya kwanza analipwa karibu na kima cha chini, hata awe moto namna gani. Inayofuata anaweza kupeleka madai yake kwa msuluhishi, lakini bado hawezi kuhama. 2016 Betts alishika nafasi ya pili katika kura za mchezaji bora wa ligi yake. Msimu uliofuata Boston wakampa dola 950,000. Najua, najua. Mimi ninayeandika ukurasa kwa 300 namwonea huruma mtu wa dola 950,000? Sikiliza kwanza. Wachezaji wa kiwango chake waliokuwa huru walikuwa wakilipwa zaidi ya mara 20 ya hiyo. Ile tofauti haikupotea hewani. Ilienda mahali. Ilienda kwa wenye timu, na ilisaidia kulipa wazee ambao miili yao ilikuwa imechoka, wale ambao nao walikuwa wamepunjwa wakiwa vijana. 2018 Betts akawa mchezaji bora wa ligi, akaongoza kwa wastani wa kupiga, .346, Boston wakashinda mechi 108 na ubingwa juu yake.

Kwa hivyo ile miaka ya mwisho ya mkataba mrefu, ile iliyonitisha, ya mtu wa magoti mabovu anayelipwa mamilioni, si hasara. Ni malimbikizo. Mtu analipwa akiwa na 38 kwa kazi aliyoifanya akiwa na 24. Ukiuza kabla hiyo siku haijafika, umekula ujana wake ukamwachia mwingine bili. Boston alikula, Los Angeles akalipa. Kwa mhasibu hiyo ni akili. Kijijini kwetu ina jina lingine.

Haya yote nisingeyaona kama mimi pia nisingeuzwa.

Ilikuwa 2021. Mwenye akaunti, simtaji, alitutumia ujumbe kwa kikundi cha WhatsApp Ijumaa jioni: kuanzia Jumatatu mtakuwa mnaripoti kwa huyu, na namba ya mtu tusiyemjua. Alikuwa ameuza akaunti. Wanunuzi wa akaunti huuliza vitu viwili, ukadiriaji na waandishi, naye alikuwa amewapa orodha yetu. Baadaye niliiona hiyo orodha. Mbele ya jina langu kulikuwa na alama na maneno "huyu usimpoteze". Bosi mpya akashusha ukurasa hadi 250.

Mtu atasema si ungetoka tu. Kweli, mkataba sikuwa nao, mlango ulikuwa wazi. Lakini ile akaunti ilikuwa na nyota tano mia kadhaa, nyingi zikiwa za usiku wangu, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina langu. Ningetoka ningeanza sufuri. Kilichoniuma zaidi hata si zile hamsini. Ni kwamba mahali fulani, pengine kwa chai na mahamri, watu wawili walikaa wakanijadili, nina thamani gani, nitafaa kwa muda gani, na hakuna aliyenipigia. Na mimi, bana, nilikuwa nimemfanyia Mookie Betts vivyo hivyo. Maneno 1,500, na hakuna sentensi iliyouliza yeye anataka nini.

Sisi tuliolelewa na kandanda hili jambo hutupita. Victor Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton 2013, klabu zilielewana, sawa, lakini bila yeye mwenyewe kukubali na kutia sahihi haendi mahali. Besiboli si hivyo. Mchezaji huamka kwa timu moja akalala kwa nyingine, mkataba ukimfuata kama blanketi. Watoto wako shule, mke ana kazi, haijalishi.

Kuna mtu aliyekataa. Curt Flood alikuwa amecheza St. Louis misimu 12 alipoambiwa, mwaka 1969, kwamba amebadilishwa na sasa ni wa Philadelphia. Alikuwa Mweusi, Marekani ya miaka ile, na aliona waziwazi hicho kitu kinafanana na nini. Aliandika barua kwa kamishna wa ligi akisema yeye si mali ya kuuzwa. Akaenda mahakamani, akakosa msimu mzima wa 1970, na 1972 Mahakama ya Juu ikampiga, majaji watano kwa watatu. Ule mnyororo uliomfunga mchezaji kwa timu moja maisha ulikatwa 1975, kupitia kesi ya watu wengine, Andy Messersmith na Dave McNally. Flood wakati huo alikuwa ameshaacha mchezo. Siku hizi mwenye miaka kumi ligini, mitano ya mwisho ikiwa kwa timu moja, anaweza kusema hapana akitaka kuuzwa. Betts wakati anauzwa hakuwa ameitimiza.

Nilikuwa nikidhani basi jibu ni rahisi: ongeza mkataba, lipa deni, kaa na mtu wako. Halafu Boston haohao wakanipa Rafael Devers. Januari 2023, mashabiki wakiwa bado na uchungu wa Betts, walimwongezea Devers miaka kumi, dola milioni 313.5. Watu walishangilia, ati sasa wamejifunza. Mapema 2025 wakaleta mtu mwingine kucheza nafasi yake. Yeye wakamfanya mpigaji tu. Akanung'unika. Mwezi wa tano mchezaji wa beisi ya kwanza akaumia, wakamwambia ahamie pale. Akakataa. Tarehe 15 Juni, siku hiyohiyo waliyotoka kuwafunga Yankees, wakamtuma San Francisco.

Kuna wanaosema shukrani ya punda ni mateke, amepewa hela yote hiyo bado anachagua kazi. Siwezi kusema hawana lao. Mtu anayelipwa hivyo anaweza kujaribu beisi ya kwanza. Lakini nilichokiona mimi ni kwamba mkataba ulimfunga yeye peke yake. Yeye alikuwa amewapa miaka kumi. Wao walikuwa wamempa pesa, na pesa ni nyingi, lakini pesa ingemfuata popote wangemtupa. Miaka kumi ya Boston haikuwemo ndani ya ile karatasi. Siku hizi nikisikia timu imemwongezea nyota mkataba, huwa naangalia kitu kimoja: je, kuna kipengele kinachomruhusu kukataa kuuzwa? Kama hakuna, hajabakizwa. Ameandaliwa vizuri tu.

Hii makala ningeiandika miaka miwili iliyopita na ningeimaliza hapo. Lakini sasa mimi ndiye nina akaunti. Ndogo, yangu mwenyewe, ilinichukua muda. Nina waandishi wawili, na mmoja, dada wa miaka 22 aliyetoka chuo kama mimi, ananishinda. Nasema wazi. Wateja wanarudi kwa sababu yake. Nilianza kumlipa 300, nikajiambia nitaongeza mambo yakinyooka. Mambo yamenyooka tangu Machi. Sijaongeza.

Wiki iliyopita jamaa fulani mwenye akaunti kubwa alinipigia. Anataka niachie yeye huyo dada, na kunishukuru atanitumia shilingi 40,000. Kodi yangu ya miezi minne. Nilimwambia nitafikiria, na ni kweli nilifikiria, nilikaa na kikokotoo usiku mzima, naandika "nikimwongezea", naandika "nikimwachia", mpaka nikaona mwandiko wangu wa 2020 unarudi.

Asubuhi nikamwandikia yeye. Nikamweleza kila kitu, jamaa ni nani, anatoa ngapi, na kwamba zile 40,000 zikija ni zake kwa sababu kuna pesa yake nimekaa nayo tangu Machi. Nikamwambia pia akikaa tunaanza na 500 kwa ukurasa, na jina lake linaingia kwa akaunti. Nilisoma ule ujumbe mara tatu kabla ya kuutuma. Nadhani nilikuwa nategemea aguswe kidogo.

Alijibu baada ya dakika mbili.

"Sawa. Na huyo jamaa analipa ngapi kwa ukurasa?"