Pumzi ya Boksa

Nilimnunua mbwa wa aina ya boksa kwa sababu nilitaka mlinzi wa geti. Sikuuliza lolote zaidi ya bei. Aina hii ilitokana na mikono ya watu huko Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19. Klabu yake ya kwanza iliundwa Munich katikati ya miaka ya 1890. Walichagua uso bapa na pua fupi. Lakini mbwa hatokwi na jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, na mwenye pua fupi huhema kwa taabu.

Hayo niliyajua mchana mmoja wa Februari, hapa Dar es Salaam, nilipomkuta amelala mnyororoni, ulimi nje, bakuli la maji limepinduka. Tulimmwagia maji. Alipopata nafuu kidogo akajikokota, akiyumba, aje kunilaki. Mimi niliyemfunga!

Je, ni haki kununua kiumbe aliyepunguziwa pumzi kwa ajili ya sura? Nikikataa, atazaliwa mwingine kwa ajili ya mnunuzi mwingine. Hoja hiyo hainitulizi. Mke wangu husema huyu amekwisha kuzaliwa, na anataka watu, si geti. Sasa hulala sebuleni chini ya feni, akikoroma mpaka tunaamka.