Kiti Kitupu ni cha Nani?

Je, ni haki kuweka kiti kitupu mahali pa mtu ambaye yuko hai na angeweza kukikalia mwenyewe? Swali hili limetusumbua mwezi mzima kwenye kikundi chetu cha vijana hapa kambini. Tunaandaa maonyesho ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, na wazo lililopendwa na wengi ni kukodi viti vya plastiki, vile vya harusi na misiba, tuvipange uwanjani vikiwa vitupu, basi. Watu wapite, watazame.

Wazo lenyewe si baya. Kiti kina miguu, kina mgongo, vingine vina hadi mikono. Kichwa tu ndicho kinakosekana. Ukikiona kitupu, macho yako yenyewe yanamkalisha mtu pale. Wenye biashara walilijua hilo zamani. Mwaka 1959 duka moja la samani mjini Washington, Marekani, lilisimamisha kiti cha mbao chenye urefu wa karibu mita 6 kiwe tangazo lake. Mwaka uliofuata wakaweka chumba cha vioo juu yake, na mwanamke mmoja akaishi humo siku 42, watu wakimtazama toka chini. Yaani hata kiti kirefu kuliko nyumba hakikutosha, ikabidi atafutwe mtu wa kukaa!

Lakini kiti ninachokifikiria zaidi ni kile cha Geneva, mbele ya ofisi za Umoja wa Mataifa. Kilibuniwa na msanii Daniel Berset, kikasimamishwa mwaka 1997 na shirika la Handicap International, lililotaka nchi zisaini mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini. Ni mita 12 za mbao. Miguu mitatu ni mizima, wa nne umekatika vibaya, umebaki vipande vilivyochongoka. Hata kwenye picha tu, ukikitazama unajishika mguu. Walitaka kikae miezi mitatu. Mkataba ulisainiwa Ottawa Desemba ya mwaka huo huo, ila nchi nyingine zilikataa, na kiti kiko pale mpaka leo.

Desemba hiyo hiyo, kampeni dhidi ya mabomu hayo ilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mmoja wa waliosimama kuipokea kule Oslo, kama neno "kusimama" linafaa, ni Tun Channareth wa Kambodia. Bomu la ardhini lilimnyima miguu yote miwili, na aliishi miaka kwenye kambi ya wakimbizi nchini Thailand. Alikwenda akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Na kazi yake huko nyumbani? Kuwatengenezea wenzake viti vya magurudumu. Basi kampeni moja, mwaka mmoja, viti viwili: kimoja hakikaliki, kingine kina mwenyewe. Cha kwanza ndicho watalii wanapiga nacho picha.

Sisemi kiti kitupu hakina mahali pake. Tarehe 6 Aprili 2012, ilipotimia miaka 20 tangu mji wa Sarajevo uzingirwe, viti vyekundu 11,541 vilipangwa barabarani, kimoja kwa kila mtu aliyeuawa. Vingine vilikuwa vidogo, vya watoto, na wapita njia waliviwekea midoli. Pale kiti hakidanganyi. Mwenyewe hayupo, na hakuna awezaye kumwita.

Sisi tupo. Kwenye sherehe zetu wenyewe viti vya mbele vinabandikwa karatasi ya "Mgeni", sisi tunakaa kwenye majani au tunasimama pembeni. Sasa na siku ambayo viti tumevikodi sisi, mbona tuviache vitupu tena? Si tunaendeleza kazi ile ile ya kututoa? Nilisema hivyo kwenye kikao, na sauti ilipanda kidogo.

Dada mmoja wa kikundi akanijibu: "Kaka, kwako ni rahisi. Mimi nikikaa pale, picha yangu itafika kwenye simu za watu nisiowajua, mpaka kule nilikokimbia. Kiti hakina sura. Niache kinifiche."

Hoja yake ni nzito, na sijaweza kuivunja. Yule mwanamke wa kwenye vioo alionekana usiku na mchana, lakini kuonekana kule kulikuwa kwa ajili ya duka. Kwa hiyo sibishani tena kuhusu kukaa au kutokaa. Ninachouliza ni nani aliyeamua. Kuna kiti ambacho mwenyewe amekiacha kitupu kwa sababu anajua hatari yake, na kuna kiti kilichoachwa kitupu kwa sababu hakuna aliyejisumbua kumuuliza mwenyewe. Ukivipiga picha vinafanana kabisa.

Tumekubaliana kwamba kila kijana atakuwa na kiti chake. Anayetaka kukaa atakaa. Asiyetaka ataacha kitu chake juu ya kiti: kitenge, ndala, daftari, chochote atakachochagua. Wengine wanalalamika kwamba wageni hawataelewa. Sawa, wataulizia, nasi tutakuwa pale pale kuwajibu. Kilichobaki ni hela ya kukodi, na mwenye viti ameshatuonya kwamba hataki kuona rangi wala maandishi kwenye viti vyake, maana Jumamosi inayofuata ana harusi.